Mgahawa na Vyumba vya Wageni Guangzhou: Wageni Wengi, Wakazi Wachache

Swali: Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda Guangzhou, China, kununua bidhaa, na kila safari nalala Xiaobei, mtaa wa Waafrika. Sasa mimi na mwenzangu anayeishi huko tunafikiria kufungua mgahawa wenye vyumba vichache vya kulala, ili tuwahudumie wafanyabiashara wa Kiafrika. Wapo wanaoniambia kwamba Waafrika wamekwisha Guangzhou, na wapo wanaosema hoteli zimejaa pomoni. Nani anasema kweli, na mfanyabiashara mgeni wa siku hizi anataka huduma ya namna gani?

Jibu: Dada yangu, wote waliokushauri wamesema kweli, ila kila mmoja alikuwa akitazama kundi lake. Anayesema Waafrika wamekwisha anazungumzia wakazi, yaani wale waliopanga nyumba, wakafungua ofisi za mizigo na kulea watoto mjini humo. Anayesema hoteli zimejaa anazungumzia wageni wa siku chache. Zamani makundi haya mawili yalitegemeana kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuyatenganisha, kwa sababu mgeni alipokelewa na mkazi, akalishwa naye na kusafirishiwa mzigo naye. Leo yameachana, na mpango wako utasimama au kuanguka kulingana na kundi unalokusudia kulihudumia.

Tazama hesabu zenyewe. Mwishoni mwa 2019 mamlaka za Guangzhou zilitaja Waafrika zaidi ya 13,000 waliokuwa mjini humo. Aprili 2020, janga la korona lilipopamba moto, zilitaja takriban 4,500. Mipaka ilipofunguliwa Januari 2023 baadhi yao walirudi, lakini mtaa haukurudi ulivyokuwa. Upande wa pili ni Maonyesho ya Canton, yaani maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957 na kufanyika kila Aprili na Oktoba. Maonyesho ya Aprili 2023, ya kwanza kufanyika kikamilifu ana kwa ana baada ya janga, yalipokea wanunuzi wa kigeni wapatao 129,000. Yale ya Aprili 2025 yalipokea zaidi ya 288,000. Kwa hiyo soko lipo, na linakua, lakini ni soko la mtu anayeingia na begi tupu na kutoka baada ya siku kumi au kumi na mbili, na mtu huyo hahitaji vitu vilevile ambavyo mkazi alivihitaji.

Ni vizuri kukumbuka jinsi mtaa wa wakazi ulivyojengwa, maana ukarimu wake ndio unaoukumbuka na pengine ndio unaotaka kuufufua. Wafanyabiashara wa Kiafrika walianza kuhamia Guangzhou mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi wakitokea Thailand na Indonesia baada ya msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997, na idadi iliongezeka China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001. Jengo la Tianxiu na mtaa wa Baohan huko Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu, vikawa kitovu cha waliotoka nchi zenye Waislamu wengi na cha Wafrika Mashariki, huku Sanyuanli, kaskazini yake, ikipendwa zaidi na Wanigeria. Ijumaa watu walijaa katika msikiti wa Xianxian, na Jumapili wengine walikwenda misa ya Kiingereza katika kanisa kuu la mawe la mtaa wa Yide. Mama aliyepika wali na maharage katika fleti ya ghorofa ya tisa alikuwa pia mkalimani, mtunza fedha na mtu wa kumpigia simu kiwanda kilipochelewesha mzigo. Hakuwa na leseni, wala hakuna aliyemuuliza.

Mambo yaliyoupunguza mtaa huo hayakuja kwa mkupuo. Sheria ya Uhamiaji iliyoanza kutumika Julai 2013 ilimwekea aliyezidisha muda wa visa faini ya yuan 500 kwa siku, hadi yuan 10,000, au kifungo cha siku 5 hadi 15. Bei ya mafuta iliposhuka kuanzia 2014, wanunuzi kutoka Angola na Nigeria walikosa dola. Simu nayo ilimwondolea mkalimani sehemu ya kazi yake, kwa kuwa mteja aliye maelfu ya kilomita mbali akaweza kuzungumza na kiwanda moja kwa moja, akaona picha na kulipa. Kisha ikaja Aprili 2020, wakati Waafrika wengi walipotolewa katika fleti na hoteli kwa kisingizio cha kuzuia korona, wakalala barabarani, na serikali za Afrika pamoja na Umoja wa Afrika zikalalamika rasmi. Nalitaja hilo kwa sababu lina thamani ya kibiashara hadi leo: wafanyabiashara wengi wa umri wako bado wanamchagua mwenyeji kwa kujiuliza kama mtu huyo atafungua mlango siku mambo yakiharibika. Imani ya aina hiyo hoteli kubwa haiwezi kuinunua kwa matangazo, na ni mojawapo ya mali chache mlizo nazo wewe na mwenzako.

Isitoshe, Guangzhou ina historia ndefu ya kumpenda mgeni wa msimu kuliko mgeni wa kudumu. Kati ya 1757 na 1842, biashara ya China na nchi za Ulaya ilipofungiwa katika bandari hiyo moja, wafanyabiashara wa kigeni waliwekwa kwenye safu ya majengo kando ya Mto Lulu, wakakatazwa kuleta wake zao, na msimu wa biashara ulipokwisha wakatakiwa kuondoka kwenda Macau. Sisemi sera ya leo ni ile ile, lakini anayewekeza katika ukarimu mjini humo asishangae akiona kwamba milango ya mgeni wa siku kumi inafunguliwa kwa upana zaidi kila mwaka, huku milango ya mgeni wa miaka kumi ikibaki na makaratasi mengi.

Tuje sasa kwenye mwelekeo wa hoteli, kwa maana hapa ndipo watu wa Xiaobei wamepitwa na wakati bila kujua. Kizazi cha kwanza cha hoteli za wafanyabiashara wa kigeni kilikuwa cha majengo makubwa kama White Swan iliyofunguliwa 1983 katika kisiwa cha Shamian, China Hotel ya 1984 na Garden Hotel ya 1985. Uwanja wa maonyesho ulikuwa Liuhua, karibu na Hoteli ya Dongfang, umbali mfupi kutoka Xiaobei, na hilo ndilo lililomfanya mgeni wa maonyesho alale maeneo hayo. Mwaka 2008 maonyesho yote yalikuwa yamehamia Pazhou, ng'ambo ya mto, na hoteli mpya za kifahari zikafuata huko na katika mji mpya wa Zhujiang, ambako balozi ndogo na makampuni ya Magharibi nayo yamejikusanya. Hata hivyo mgeni wa bei ya kati alibaki Xiaobei na Sanyuanli, na sababu kubwa ilikuwa moja: hoteli nyingi ndogo za Kichina kwingineko zilimkatalia mwenye pasipoti ya kigeni kwa madai kwamba hazina ruhusa ya kumpokea.

Kinga hiyo ya Xiaobei imeondolewa. Mwaka 2024 Wizara ya Biashara ya China pamoja na mamlaka za usalama na uhamiaji zilitoa waraka unaokataza hoteli kumkataa mgeni kwa kisingizio cha kukosa ruhusa ya kupokea wageni wa nje. Utekelezaji wake hauko sawa kila mahali, na bado kuna wahudumu wanaotikisa kichwa wakiona pasipoti wasioizoea, lakini mwelekeo uko wazi. Minyororo ya hoteli za Kichina za bei ya kati, kama Atour na zile za kundi la Huazhu, ina kitanda kizuri, mashine ya kufulia ambayo mgeni anajitumikia mwenyewe, na roboti inayopandisha vifurushi kwa lifti hadi mlangoni. Ukifikiria kushindana nao kwa chumba, utashindwa. Nasema hivyo bila kuzunguka, kwa sababu vyumba ndivyo vitakavyokula mtaji wako mkubwa zaidi.

Malipo yamebadilika pia. Tangu Julai 2023 Alipay na WeChat, programu za simu ambazo Wachina hulipia, zinakubali kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya China, na mwaka 2024 kiwango cha juu cha muamala mmoja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayatozwi ada. Yanayozidi hukatwa asilimia 3. Mgeni aliyekuwa akimtegemea mwenyeji wake kumnunulia tiketi ya treni au kumlipia teksi sasa anaskani mwenyewe, na hivyo kamisheni ndogondogo zilizowaweka mjini wenyeji wengi zimekauka.

Kwa kulinganisha tu, jumuiya nyingine za kigeni mjini humo zinaishi kwa hesabu tofauti kabisa. Wajapani walifuata viwanda vya magari, ubia wa Honda ukiwa wa 1998 na wa Toyota ukiwa wa 2004, na pango lao hulipwa na kampuni. Wakorea wana mtaa wao katika barabara ya Yuanjing wenye maduka, saluni na migahawa iliyopangana. Ukarimu wa jumuiya hizo ulijengwa juu ya familia za wafanyakazi na fleti zenye huduma za hoteli. Nao hawajasalimika, kwa kuwa magari ya umeme ya Kichina yameyabana makampuni ya Kijapani, na mwaka 2024 Honda ilitangaza kupunguza uzalishaji wa magari ya petroli nchini China. Meneja akirudishwa kwao, fleti moja na meza kadhaa za mgahawa hubaki tupu. Kwa hiyo usidhani kwamba ni Waafrika peke yao ambao mtaa wao umesinyaa.

Sasa, mgeni huyu wa siku kumi anataka nini ambacho hoteli ya mnyororo haimpi? Mfuate siku moja. Anaamka kabla ya saa moja asubuhi, kwa sababu soko la nguo au la vipodozi analolilenga linafunguka mapema na Foshan, kwenye fanicha na vigae, si karibu. Anarudi saa mbili usiku akiwa na mifuko ya sampuli, na anakuta vifurushi vingine vimetumwa na wauzaji aliowaagiza kwa simu. Anahitaji mtu wa mapokezi aliyepokea vifurushi hivyo, akaandika jina kwa usahihi na kuvipanga. Anahitaji mizani ya kupima kilo kabla hajaenda uwanja wa ndege, utepe wa gundi wa kufungia mizigo, na meza pana ya kutandaza sampuli na kuzilinganisha chini ya taa nyeupe. Anataka chakula cha moto saa tatu usiku, na chenye uhakika kwamba ni halali ikiwa ni Mwislamu. Zaidi ya yote anataka mahali pa kuacha begi kubwa siku mbili anapokwenda Shenzhen au Yiwu kwa treni ya kasi, maana wageni wa sasa hawalali mji mmoja safari nzima. Mambo hayo yote, ukiyatazama vizuri, hayahitaji kitanda hata kimoja.

Lipo na jambo ambalo naona halijapata wa kulishika. Mkantoni, yaani mwenyeji wa Guangzhou, hufanya urafiki wa biashara mezani, hasa kwenye chai ya asubuhi, ambapo watu husuuza vikombe, bakuli na vijiti kwa chai ya kwanza, wakaimwaga, ndipo wakaanza kula vijisahani vya maandazi ya mvuke. Anayemiminiwa chai hugonga meza kwa vidole viwili kutoa shukrani. Mwenye kiwanda anayemwalika mteja Mwislamu hupata shida, kwa sababu sehemu kubwa ya vyakula hivyo ina nyama ya nguruwe, na mteja naye huona haya kukaa akinywa maji matupu. Mara nyingi huishia katika mgahawa wa Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, wa tambi za Lanzhou, ambao ni halali lakini wenye kelele na meza za watu wanne. Mgahawa wa halali wenye chumba kimoja au viwili vya faragha, meza ya duara ya watu kumi, chai nzuri, samaki wa mvuke wa kumridhisha mwenyeji Mchina na pilau ya kumridhisha mgeni, ungemruhusu mfanyabiashara wako kuwa yeye ndiye anayemkaribisha mwenye kiwanda. Meza hiyo ina faida kubwa kuliko sahani kumi za wali zinazouzwa moja moja, na pia inakupa wateja Wachina katika miezi ambayo Waafrika hawapo.

Miezi hiyo ndiyo itakayokupima. Maonyesho huanza 15 Aprili hadi 5 Mei, na 15 Oktoba hadi 4 Novemba, kwa awamu tatu za siku tano. Awamu ya kwanza ni ya mashine, magari na vifaa vya umeme. Ya pili ni ya vyombo vya nyumbani, mapambo na fanicha. Ya tatu ni ya nguo, viatu, vitu vya watoto na vya afya. Mteja unayemfahamu wewe yuko zaidi katika awamu mbili za mwisho. Nje ya hapo kuna wanunuzi wa kawaida, lakini kipindi cha Mwaka Mpya wa Kichina viwanda hufunga kwa wiki kadhaa na mji hukauka kabisa kwa upande wa wageni. Mwenye nyumba hupokea pango miezi kumi na miwili. Kwa hiyo piga hesabu yako kwa mauzo ya mwezi kama Juni, wala usiipige kwa ya Oktoba. Kama mwezi huo hauwezi kulipa pango na mishahara, maonyesho hayatakuokoa. Kwa sababu hiyo hiyo singekushauri uende Pazhou, ambako pango linafuata bei ya maonyesho. Xiaobei, yenye kituo cha treni ya chini ya ardhi cha njia ya 5 na msikiti usio mbali, bado ina mantiki kwa mgahawa, ilimradi usiutegemee mtaa peke yake.

Upande wa sheria, mgahawa na vyumba ni vitu viwili vyenye uzito tofauti. Mgahawa unahitaji kampuni iliyosajiliwa, leseni ya chakula na matakwa ya zimamoto, na mgeni anaruhusiwa kuumiliki moja kwa moja. Nyumba ya kulala wageni, zaidi ya hayo, inahitaji kibali maalumu cha polisi, kibali cha usafi, na mfumo wa kutuma taarifa za pasipoti za kila mgeni. Njia ya mkato ya kupanga fleti tatu na kuzigawa vyumba ndiyo iliyotumiwa na wengi, lakini anayelala nje ya hoteli anapaswa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24, na asipoandikishwa anaweza kutozwa faini hadi yuan 2,000. Mgeni wako akitozwa faini kwa ajili yako, harudi tena, na wenzake watajua jioni hiyo hiyo kwenye kundi la WeChat. Ushauri wangu ni kwamba vyumba uviache, kisha ufanye mapatano na hoteli moja au mbili zenye vibali zilizo umbali wa kutembea, upate bei ya kundi, na wewe ubaki na mapokezi ya mizigo, chakula na ukalimani.

Hali ya mwenzako nayo inanitia wasiwasi, kwa kuwa hukueleza anaishi huko kwa kibali gani. Visa ya biashara ya aina ya M inamruhusu kununua na kujadiliana bei. Haimruhusu kusimamia mgahawa, na mwanafunzi naye haruhusiwi kwa visa ya masomo peke yake. Anayefanya kazi bila kibali hutozwa kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa kubwa hufungwa kwanza. Mwajiri wake hutozwa yuan 10,000 kwa kila mfanyakazi wa namna hiyo. Kama ana kibali cha kazi, kiwe kimetolewa kwa kampuni itakayomwajiri, maana kibali hakihami na mtu. Wapo watakaokushawishi uandikishe kampuni kwa jina la rafiki Mchina ili kuokoa muda. Kisheria, mwenye mgahawa atakuwa rafiki huyo, na mkigombana utabaki na ujumbe wa simu kama ushahidi wa mali yako. Ukisajili kwa jina lako, usiandike mtaji mkubwa kwa kujionyesha, kwa sababu Sheria ya Makampuni iliyoanza kutumika Julai 2024 inataka mtaji ulioandikishwa uwe umelipwa wote ndani ya miaka mitano.

Jambo la mwisho ni eneo lenyewe, na hili ulikague kabla hujatoa amana. Sheria ya China ya kuzuia uchafuzi wa hewa inakataza kufungua mgahawa unaotoa moshi wa mafuta katika jengo la makazi, katika jengo la mchanganyiko lisilo na bomba maalumu la moshi, na hata katika ghorofa ya biashara inayopakana na ghorofa ya makazi. Xiaobei imejaa majengo ya namna hiyo, na dalali hatakuambia. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe hati inayosema jengo ni la biashara, kisha panda mwenyewe hadi juu ya paa uone bomba linaishia wapi. Ukiambiwa kwamba jirani anapika miaka mingi bila bomba na hajasumbuliwa, muombe dalali maneno hayo ayaandike kwenye mkataba, pamoja na kurudishiwa amana yote ikiwa leseni ya chakula itakataliwa.